Je, Wajua? Kifundo Bandia cha Mkono na Yanayoweza Kwenda Kombo

Je, wajua kwamba kifundo cha mkono wako kina mifupa midogo minane? Imepangwa safu mbili, minne kwa minne, kati ya mifupa miwili ya kigasha na mitano ya kiganja. Nyonga ni kichwa kimoja cha mfupa kinachozunguka ndani ya shimo moja. Kwa hiyo anayesema, "Shangazi alibadilishwa nyonga na leo anapanda ngazi, basi nami nibadilishwe kifundo," ameanza na hesabu isiyo yake. Nyonga bandia hupata nafasi ya kujikita ndani ya mfupa wa paja. Kifundo bandia, kwa upande wa kiganja, hukamatia vijifupa vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba.

Wajua pia kwamba safu iliyo karibu na kigasha haina msuli unaojishikiza juu yake, ukiacha kijifupa kimoja cha upande wa kidole cha mwisho? Husogea kwa kusukumwa na mifupa jirani, na hukaa mahali pake kwa sababu ya kano fupi zinazofunga mfupa kwa mfupa. Baridi yabisi hula kano hizo. Zikiisha, mifupa huteleza, kiganja hushuka na kuegemea pembeni, na maumivu hayaondoki tena. Hapo daktari bingwa wa mifupa huwa na njia mbili za kumweleza mgonjwa: kuiunganisha mifupa iwe kitu kimoja kisichosogea, au kuondoa sehemu zilizosagika na kuweka kifundo bandia. Ninaandika juu ya njia ya pili, na hasa juu ya matatizo yake, kwa sababu mengi kati ya hayo huanza kimyakimya, na mgonjwa anayeyajua huyawahi kabla mfupa haujaliwa.

Je, wajua kwamba kifundo bandia cha kwanza kinachojulikana kilichongwa kwa pembe ya ndovu? Ilikuwa mwaka 1890, mjini Berlin. Daktari Themistocles Gluck, mzaliwa wa Iași nchini Romania, alimwekea kijana wa miaka 19 ambaye kifundo chake kilikuwa kimeharibiwa na kifua kikuu cha mifupa. Mkono ulisogea vizuri. Lakini palibaki tundu lililotoa usaha bila kufunga, kwa kuwa kifua kikuu chenyewe hakikuwa kimetoka. Robert Koch alikuwa ameshatangaza bakteria wa ugonjwa huo mwaka 1882, katika mji huohuo wa Berlin, ila kumjua adui na kuwa na dawa yake ni mambo mawili: streptomaisini, dawa ya kwanza iliyomdhibiti, ilikuja miaka ya 1940. Hivyo upasuaji wa kwanza wa aina hii ulikuja pamoja na tatizo lake linaloogopwa zaidi hadi leo. Kutoka kwa wagonjwa wa Gluck wauguzi na madaktari walirithi kanuni ambayo kwa kawaida hufuatwa hadi leo: kiungo chenye maambukizi hai hakiwekewi kiungo bandia kipya.

Maambukizi yanastahili nafasi kubwa hapa, ingawa si tatizo linalotokea mara nyingi kuliko mengine. Yakitokea, yanaweza kuchukua kila kitu.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linataka antibiotiki ya kinga itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kisu kugusa ngozi? Ikitolewa baada ya ngozi kufunguliwa, imechelewa. Mwongozo huohuo unakataza kunyoa eneo la upasuaji kwa wembe, kwa sababu wembe huacha mikwaruzo midogo ambamo bakteria hujipenyeza. Nywele zikilazimika kutoka, hukatwa kwa mashine ya kupunguzia. Kwa hiyo usijinyoe mkono nyumbani usiku wa kuamkia upasuaji ukidhani unawasaidia wauguzi.

Wajua kwa nini vidonge peke yake mara nyingi havimalizi maambukizi ya kiungo bandia? Bakteria, hasa wale wa jamii ya stafilokoka wanaoishi kwenye ngozi yetu sote, wakifika juu ya chuma au plastiki hujitengenezea utando na kujifungia ndani. Dawa inayoua bakteria wanaoelea kwenye damu hushindwa kuwafikia waliojibanza chini ya utando huo. Mojawapo ya dawa chache zinazofanya kazi vizuri pale ni rifampisini, ileile ambayo wagonjwa wa kifua kikuu wanaijua kwa kugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Haitolewi peke yake, kwa sababu bakteria huzoea upesi. Hufungamanishwa na antibiotiki nyingine. Maambukizi yakiwahiwa, daktari anaweza kufungua, kuosha, kusafisha na kukiacha kifundo bandia mahali pake. Yakichelewa, hukitoa chote, akaweka saruji ya mifupa iliyochanganywa na antibiotiki kwa wiki kadhaa, ndipo arudi kujenga upya.

Kidonda kinachovuja baada ya siku za mwanzo, wekundu unaosambaa, joto, homa, uvimbe unaozidi badala ya kupungua: mojawapo tu linatosha kukurudisha hospitali siku hiyohiyo. Usianze dawa ya duka la mtaani kwanza. Antibiotiki ya kubahatisha huwaficha bakteria, na maji yatakayovutwa kwenye kiungo kwa uchunguzi yanaweza kutoka bila kuonyesha chochote. Na si lazima maambukizi yaje mwezi wa kwanza. Bakteria wa jipu la ngozi au jino bovu wanaweza kusafiri kwa damu miaka baadaye wakatua kwenye chuma.

Je, wajua kwamba mtu mwenye baridi yabisi huingia chumba cha upasuaji akiwa na hatari zaidi kwa sababu ya dawa zake? Steroidi za muda mrefu hufanya ngozi kuwa nyembamba, kidonda kupona polepole na mfupa kupoteza uimara. Dawa mpya za kibiolojia zinazopunguza nguvu ya kinga kwa kawaida husimamishwa kabla ya upasuaji, kwa ratiba ya daktari. Methotreksati, dawa nyingine ya baridi yabisi ambayo wengi huiogopa, mara nyingi huendelea. Steroidi ndizo zenye hila: usiziache ghafla kwa uamuzi wako, kwa kuwa mwili uliozizoea unaweza kuanguka ukiwa mezani. Sukari isiyodhibitiwa na sigara huongeza hatari pia.

Tuache bakteria, tuingie kwenye ufundi wenyewe.

Je, wajua kwamba kwa miaka mingi vifundo bandia vilitengenezwa kwa silikoni? Daktari Alfred Swanson wa Grand Rapids, Michigan, alianza kuvitumia mwaka 1967. Vilikuwa kipande kimoja kinachopinda, na wagonjwa wengi walipata nafuu ya haraka sana. Tatizo lilijitokeza kadiri miaka ilivyokwenda: silikoni ilichanika, na vipande vyake vidogo vilichokoza utando wa kiungo na kutoboa vishimo ndani ya mifupa ya jirani. Hata vizingio vya titani vilivyobuniwa baadaye ili kuikinga isikwaruzwe na mfupa havikutosha kuiokoa mbele ya mikono yenye kazi.

Kizazi kilichofuata, cha mwanzoni mwa miaka ya 1970, kilikuwa cha chuma na plastiki. Hans Christoph Meuli wa Uswisi na Robert Volz wa Arizona walitengeneza vyao karibu wakati mmoja. Hapa kuna jambo ambalo mimi huliona la kupendeza, kwa maana linaonyesha jinsi milimita chache zinavyoweza kuamua hatima ya mkono. Kifundo cha asili huzunguka kwenye nukta moja ndani ya kichwa cha mfupa mkubwa wa katikati. Katika vifundo bandia vya mwanzo nukta hiyo haikukaa mahali pake. Misuli ya upande mmoja ikapata nguvu kuliko ya upande wa pili, na wagonjwa wakaona kiganja kinapinda kidogokidogo kuelekea kidole cha mwisho. Wengine kiungo kiliteguka. Wabunifu wakarudi mezani, wakasogeza shina linalozama mfupani, wakabadilisha umbo, na hadi leo kila muundo mpya hujibu swali lilelile: nukta ya mzunguko ikae wapi?

Wajua chembe zinazosuguka kutoka kwenye plastiki huenda wapi? Haziyeyuki. Seli za kinga huzimeza, hushindwa kuzisaga, kisha hutoa kemikali zinazoziamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaozunguka kifundo bandia huanza kupungua bila bakteria hata mmoja kuwapo. Aliyelilipia jambo hili kwa mwili wake ni John Charnley, daktari Mwingereza wa nyonga. Plastiki yake ya kwanza, aina ya teflon, ilisagika vibaya ndani ya wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Alijipandikiza vipande vya plastiki hiyo, pamoja na vya polietilini, kwenye paja lake mwenyewe ili aone mwili unavyovipokea. Teflon iliamsha uvimbe, polietilini ikatulia. Tangu mwaka 1962 nyonga zake zilitumia polietilini, na plastiki ya jamii hiyo ndiyo iliyomo katika vifundo bandia vingi vya mkono leo. Imeboreshwa sana, ila bado husagika.

Kuna waliojaribu kuikwepa plastiki kwa kusuguanisha chuma na chuma. Hapo kobalti na kromu huweza kupanda kwenye damu, na wenye vifundo vya namna hiyo hupaswa kufuatiliwa kwa vipimo. Ukiwa na mzio wa hereni za bei rahisi, mwambie daktari mapema. Nikeli inayowasha masikio ya watu imo kidogo katika baadhi ya metali hizi.

Sasa nifike kwenye tatizo ambalo ningependa kila mwenye kifundo bandia alielewe kuliko yote. Je, wajua kwamba kifundo bandia kinaweza kulegea bila kuuma? Upande unaolegea mara nyingi zaidi ni ule wa kiganja, kwa sababu mfupa wa kukamatia ni mdogo. Skrubu zinaweza kurudi nyuma, shina linaweza kuzama au kutoboa mfupa wa kiganja wa kidole cha kati. Mgonjwa anafua, anapika, anaandika, haoni kitu. Kwenye picha ya eksirei, daktari anaona mstari mweusi mwembamba kati ya chuma na mfupa. Mstari huo peke yake si hukumu: kwa wengi hutokea mwaka wa kwanza au wa pili kisha ukasimama. Unaotisha ni unaopanuka kutoka picha moja hadi nyingine, na huwezi kujua kama unapanuka ikiwa huna picha ya zamani ya kulinganisha. Ndiyo maana miadi ya kila mwaka haipaswi kuachwa ati kwa kuwa mkono hauumi. Maumivu yanapofika, mfupa uliobaki unaweza kuwa haba mno kwa matengenezo.

Kuna dalili ndogo za kuangalia katikati ya miadi: sauti ya kugonga ambayo haikuwapo, maumivu wakati wa kufumbata kitu, kidole cha kati kuuma kwenye mzizi wake, kiganja kubadilisha mwelekeo.

Je, wajua kwamba asilimia karibu 80 ya mzigo unaopita kwenye kifundo hupokelewa na mfupa mmoja tu wa kigasha, ule wa upande wa kidole gumba? Na kwamba ukifumbata kitu, nguvu inayopita kwenye mfupa huo ni zaidi ya maradufu ya ile unayoitoa kwa vidole? Kwa hiyo swali la unafanya kazi gani ni swali la kitabibu kabisa. Madaktari wengi huweka kikomo cha kilo chache, mara nyingi karibu 5 kwa kunyanyua mara moja, na pungufu zaidi kwa kazi ya kurudiarudia. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20 za maji kabla hujaihesabu ndoo yenyewe. Kusonga ugali wa familia kubwa, kukuna nazi, kukamua mablanketi, kulima kwa jembe la mkono, kupiga nyundo: haya yote yanazidi kile ambacho kifundo bandia kimetengenezwa kustahimili. Mwanamke ambaye hana wa kumsaidia kuchota maji anastahili kuambiwa ukweli huu kabla ya upasuaji, asije akaambiwa baada ya miaka mitatu kwamba "hakufuata masharti."

Anayetembelea magongo au fimbo naye hubeba uzito wa mwili kwa kifundo kila hatua, na madaktari wengi humwelekeza kwenye njia ya kuunganisha mifupa. Kwa Waislamu kuna sujudu: kifundo hupinda kwenda nyuma, sehemu ya uzito hukaa juu ya viganja, na mtu akiinuka hujisukuma kutoka chini. Mwambie daktari wako hilo wazi, maana anaweza kuwa hajafikiria. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali kwa kukaa na kwa ishara. Kulijua mapema kunamwondolea unyonge moyoni.

Wajua kano zinazonyoosha vidole na kifundo hupita mgongoni mwa kifundo katika njia sita? Kisu cha kuingiza kifundo bandia hupita kati ya njia hizo. Kwa wenye baridi yabisi kano hizo mara nyingi huwa zimeshachakaa. Mwaka 1948 daktari Mwingereza Oliver Vaughan-Jackson alieleza jinsi ncha ya mfupa iliyokwaruzika inavyoweza kuzikata, moja baada ya nyingine, ikianzia kidole cha mwisho. Kifundo bandia, skrubu iliyochomoza au saruji yenye ukingo mkali vinaweza kufanya vivyo hivyo. Jaribio la nyumbani ni rahisi: laza kiganja mezani, inua kidole gumba, kisha kila kidole kwa zamu. Kimoja kikigoma ghafla bila maumivu, ni dharura ya wiki hii.

Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku inaonyesha neva ya kati imebanwa. Inatibika, na ikiachwa muda mrefu misuli ya kidole gumba hunyauka. Tatizo jingine ni maumivu makali yasiyolingana na kidonda, mkono ukibadilika rangi, kutoa jasho au kuvimba; wiki za mwanzo za matibabu ndizo zenye thamani. Vidole kukakamaa ndilo tatizo ambalo mgonjwa ana nguvu kubwa zaidi ya kulizuia: plasta hufunga kifundo, haifungi vidole, navyo vinapaswa kukunjwa na kunyooshwa kuanzia siku ya kwanza, mkono ukiwa umeinuliwa juu ya usawa wa moyo.

Je, wajua kwamba Norway huandika kila kifundo bandia kinachowekwa nchini humo? Daftari lake la taifa lilianza na nyonga mwaka 1987, likapanuliwa mwaka 1994 kuingiza viungo vingine. Kati ya mwaka 1994 na 2009 viliandikwa vifundo vya mkono 189 tu. Idadi hiyo ndogo ina maana yake kwa mgonjwa: ni upasuaji ambao hata katika nchi tajiri madaktari wengi hawaufanyi mara kwa mara. Kumuuliza daktari "umefanya wangapi, na wangapi walirudi?" si utovu wa adabu. Daktari mzuri atajibu bila kununa.

Na kikishindwa kabisa? Mara nyingi hutolewa, pengo likajazwa mfupa, kwa kawaida uliochukuliwa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na kifundo kikaunganishwa kwa bamba la chuma. Ni kazi ngumu kuliko kuunganisha tangu mwanzo, na safari nyingine mifupa hugoma kushikana. Lakini watu wengi hawajui kwamba mkono uliounganishwa bado hugeuza kiganja juu na chini ikiwa kiungo kati ya mifupa miwili ya kigasha ni kizima, bado hufumbata kwa nguvu, na maumivu mara nyingi huisha. Kuna wagonjwa wa baridi yabisi wanaounganishwa kifundo kimoja na kuwekewa bandia cha pili, ili mkono mmoja uwe wa nguvu na mwingine uweze kupinda kufunga vifungo na kujisafisha. Mimi hupenda swali hili liulizwe kabla ya kusaini fomu: kikishindwa, mfupa utakaobaki utatosha kuunganishwa?

Jambo la mwisho ni la karatasi. Hapa Afrika Mashariki baadhi ya wenye kifundo bandia walifanyiwa upasuaji India, Ulaya au Ghuba, kisha wakarejea nyumbani. Kila kifundo bandia kina jina la mtengenezaji, ukubwa, namba ya toleo, na mara nyingi skrubu zisizofunguka ila kwa kifaa chake maalumu. Omba kadi au ripoti ya upasuaji yenye maelezo hayo, pamoja na nakala ya picha ya eksirei ya wiki za mwanzo. Vipige picha kwa simu, na nakala moja mwachie mtu wa nyumbani anayejua pa kuitafuta. Daktari wa Dar es Salaam au Mombasa atakayelazimika kukifungua kifundo hicho baada ya miaka kumi ataanza kwa kuuliza ni cha aina gani.